Fuata Faili la Askari: Njia ya Mtafiti wa Afya ya Jamii Kuingia Kwenye Sera ya Afya ya Akili ya Polisi

Wakuu wa meza, walimu, maafande mliotoka zamu mkaja kutusikiliza, nanyi wanafunzi wa afya ya jamii ambao hotuba hii kwa kweli ni yenu: asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nieleze msomi wa afya ya jamii anaingiaje kwenye utafiti wa sera ya afya ya akili ya polisi. Sitasimulia maisha ya mtu. Nitaeleza njia yenyewe, vibali vyake, vifaa vyake, hesabu zake, na mahali ambapo wengi hukwama.

Tarehe 12 Mei 2023, katikati ya Kampala, konstebo mmoja alimuua mkopeshaji wa fedha kwa risasi. Polisi ilieleza hadharani kwamba askari yule alikuwa na historia ya ugonjwa wa akili na alikuwa amekwisha kuzuiwa kushika silaha. Bunduki aliyoitumia haikuwa yake, ilikuwa ya askari mwenzake. Watu wengi walibishana kama askari wapimwe akili au wasipimwe. Mtafiti wa sera anauliza mengine. Amri ya kumzuia mtu asishike silaha huandikwa wapi? Nani huisoma? Askari akihamishwa kituo, karatasi ile humfuata, au hubaki kwenye kabati la kituo cha zamani? Anayetoa bunduki kwenye stoo ya silaha ana orodha ya wasiotakiwa kupewa? Na bunduki ya mwenzake hulala wapi usiku?

Angalieni kwamba katika maswali hayo hakuna hata moja linaloanza na "asilimia ngapi". Hapo ndipo mafunzo yetu yanapotuvuta kombo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, awe Makerere au kwingineko, hufundishwa kupima ukubwa wa tatizo. Akifika kwa polisi hubeba dodoso, huhesabu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, huandika kwamba "tatizo ni kubwa, hatua zichukuliwe", basi. Ripoti huingia kabatini. Kamanda akiisoma huuliza kwa haki kabisa: hatua zipi, zichukuliwe na nani, kwa fungu gani?

Ukubwa wa tatizo kwa jumla unajulikana. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikusanya tafiti 67 kutoka nchi 24, askari 272,463 kwa pamoja. Wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 14.6, wenye dalili za kiwewe baada ya tukio la kutisha asilimia 14.2, na wanywaji wa pombe kwa kiwango cha hatari asilimia 25.7. Hapa kwetu Uganda pia, jarida la African Health Sciences lilichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu unywaji wa pombe miongoni mwa polisi wa wilaya ya Kampala. Kwa hiyo anayetaka kuandika tasnifu nyingine ya kuhesabu tu aje na sababu nzuri. Kuna kazi iliyoachwa wazi zaidi: kufuata askari mmoja mgonjwa anavyopita ndani ya taratibu za jeshi la polisi, hatua kwa hatua, na kuonyesha anapopotelea.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Chukua mfano wa konstebo aliyepelekwa kufukua maiti kwenye maporomoko ya ardhi au taka, kama yale ya Bududa ya Machi 2010 au ya jalala la Kiteezi la Agosti 2024. Wiki tatu baadaye halali usingizi. Chora njia yake kwenye karatasi kubwa. Anamwambia nani kwanza, mkuu wa kituo au mkewe? Akienda zahanati ya polisi, anaandikiwa nini? Cheti cha ugonjwa kinarudi kituoni kwa mkono wa nani? Anapewa kazi gani akirudi? Zamu zake zinabadilishwa na nani? Faili lake la utumishi linaandikwa nini? Kwa kila hatua andika mambo manne: fomu inayotumika, macho yanayoiona, siku zinazopita, na kitu askari anachopoteza.

Hilo la nne ndilo kiini, na ndilo linalosahauliwa. Askari hapotezi jina zuri tu. Anaweza kupoteza nafasi ya kozi, kupandishwa cheo, au safari ya kulinda amani nje ya nchi, na safari moja ya namna hiyo ndiyo inayojenga nyumba ya familia. Mtu anayejua kwamba neno moja la daktari litamkosesha safari hatalisema neno linaloleta uchunguzi huo. Ukitaka kujua kwa nini zahanati haina wagonjwa wa akili, usimuulize nesi peke yake. Kaulize jinsi majina ya wanaokwenda misheni yanavyochujwa.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwa karibu: cheti chenyewe. Iwapo kimeandikwa jina la ugonjwa, hakina bahasha, na askari anakibeba mwenyewe mpaka kaunta ambako kila aliye zamu anakiona, basi usiri umekwisha kabla dawa haijaanza. Marekebisho yake hayahitaji Bunge. Cheti kinaweza kusema mambo matatu tu: askari anafaa kazi au hafai, kwa muda gani, na kwa masharti gani, kama vile asipewe silaha au asipangwe usiku. Jina la ugonjwa libaki kwa tabibu. Mkuu wa kituo anahitaji kujua amtumie vipi askari wake. Hana haja ya kujua kama ni sonona au kifafa.

Na zahanati iko wapi? Ikiwa katikati ya kambi, jirani anaona nani ameingia. Wengi wenu mnazijua kambi zetu, na zile nyumba za bati za duara zinazoitwa "mama ingia pole". Familia mbili zikitenganishwa na pazia, hakuna siri ya ndoa wala ya dawa. Mtafiti anayependekeza ushauri nasaha ndani ya kambi bila kuuliza chumba kiko upande gani na mlango unatazama wapi anapendekeza kitu kitakachobaki tupu.

Mtiririko huo ukishauchora, soma nyaraka zinazoutawala: Katiba ya 1995, ibara ya 211 hadi 214 kuhusu polisi, Sheria ya Polisi pamoja na kanuni zake za nidhamu, amri za kudumu za Inspekta Jenerali, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni ya mwaka 1938. Soma ukiuliza askari anatajwa wapi kama mgonjwa. Utaona kwamba sheria humjua zaidi askari anayempeleka mgonjwa hospitalini. Pengo hilo linatosha sura nzima ya tasnifu. Kwa kupanga mawazo, pembetatu ya uchambuzi wa sera ya Walt na Gilson ya mwaka 1994 bado inafaa: mazingira, yaliyomo, mchakato, na katikati wahusika. Wanafunzi hutumia kurasa nyingi kwenye yaliyomo na mistari miwili kwenye wahusika. Geuzeni. Mweka hazina wa idara, mtunza stoo ya silaha na karani wa uhamisho wana nguvu juu ya sera hii kuliko mwandishi wa waraka.

Sasa vibali, maana hapa ndipo mwaka wa mtu unapoliwa. Kwanza, kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Pili, usajili kwenye Baraza lenyewe kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Tatu, ruhusa ya kiutawala ya polisi, barua kwa Inspekta Jenerali makao makuu Naguru, kisha ishuke kwa kamanda wa mkoa na kamanda wa polisi wa wilaya, DPC. Tatizo ni kwamba kamati ya maadili hupenda kuona barua ya polisi, na polisi hupenda kuona cheti cha kamati. Njia ya kutoka ni kuomba polisi barua mbili kwa nyakati mbili: ya kwanza fupi ya kukubali kimsingi, ya pili ya ruhusa kamili baada ya cheti. Kwenye ombi la kwanza usibandike dodoso la kurasa 20. Weka ukurasa mmoja: swali, vituo, muda, na askari watakaa nje ya kazi dakika ngapi. Kamanda hufikiria zamu kwanza, na ana haki.

Kabla ya kukusanya chochote, andikianeni makubaliano ya kuchapisha. Polisi wapewe siku kadhaa, tuseme 30, kusoma rasimu na kurekebisha makosa ya ukweli au kuonyesha jambo linalohatarisha usalama. Wasipewe haki ya kuzuia matokeo. Jambo hili likiachwa hadi ripoti iwe tayari, utajikuta huna pa kusimama. Tena data za afya ni data nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kwa hiyo nani anazitunza, wapi na kwa muda gani, viandikwe humo humo.

Kuhusu ridhaa nitakaa kidogo. Askari amezoea amri. Akiambiwa kwenye paredi, "Wafuatao watoke mbele, kuna utafiti," atatoka, atatia sahihi, na hiyo si ridhaa. Miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti ya CIOMS ya 2016 inawataja polisi na wanajeshi miongoni mwa watu walio chini ya mamlaka, wanaohitaji kulindwa dhidi ya kushurutishwa. Maana yake kwa vitendo ni hii. Orodha ya sampuli ichukuliwe kwa mtunza kumbukumbu, lakini majina yaliyochaguliwa yasirudi kwa mkuu wa kituo. Wahoji wavae kiraia na wasiwe askari wa kituo hicho. Mahojiano yasifanyike ofisini kwa mkuu wa kituo hata kama ndicho chumba pekee chenye kiti. Afadhali darasa la shule ya jirani saa za jioni. Na anayekataa akae dakika zile zile chumbani, anywe maji, atoke, ili aliye nje asijue nani alikubali na nani alikataa.

Usiri wa majibu nao una mtego wake. Hukuandika jina wala namba ya jeshi, ukadhani umemficha mtu. Lakini umeandika kituo, jinsia, cheo na miaka kazini. Kituo kina sajenti mwanamke mmoja tu. Umemtaja. Dawa yake ni kuunganisha vyeo viwe makundi mawili au matatu, kuweka miaka kwa mafungu, kutotoa jedwali la kituo kimoja kimoja, na kuficha kisanduku chochote chenye watu chini ya 5.

Vifaa vya kupimia nitavipitia haraka kwa sababu vipo na vinajulikana. PHQ-9 ya sonona ina maswali 9, alama 0 hadi 27, na 10 ndiyo mpaka unaotumika sana wa kumshuku mtu kuwa na ugonjwa. GAD-7 ya wasiwasi ina 7. PCL-5 ya kiwewe ina 20, alama hadi 80, na mpaka wake huwekwa 31 hadi 33. AUDIT ya pombe ina maswali 10, na kuanzia alama 8 ni unywaji wa hatari. Kwa shinikizo la kazi ya polisi yenyewe kuna dodoso la McCreary na Thompson la 2006, sehemu mbili za vipengele 20 kila moja: moja ya kazi za nje, nyingine ya shirika lenyewe, yaani upendeleo, uhaba wa watu, makaratasi, wakubwa wasioeleweka. Kama mnaweza kubeba moja tu pamoja na PHQ-9, bebeni hilo, na msiiache sehemu ya shirika. Maiti na ajali hazizuiliki kwa waraka. Zamu zisizojulikana kesho yake na uhamisho wa ghafla unaomwacha mtoto katikati ya muhula vinazuilika, na sera ina mkono hapo.

PHQ-9 ina toleo la Kiswahili lililofanyiwa uchunguzi Kenya. Usilichukue likiwa mbichi. Kiswahili cha kambini Uganda kina mwendo wake, na kuna askari wanaofikiri kwa Kiluganda, Kiacholi, Kiteso au Lugbara kwanza. Waite askari 10 hadi 15 wa vyeo tofauti, wasomee swali moja moja, kila mmoja aseme kwa maneno yake ameelewa nini. Swali la kuchoka humletea askari aliyekaa lindo saa 12 jibu la ndiyo, na si kwa sababu anaumwa. Swali la usingizi vilevile. Kwa hiyo uliza kando: wiki mbili zilizopita ulifanya zamu ngapi za usiku? Usipokuwa na kigezo hicho, utaita ratiba mbaya ugonjwa.

Hesabu ya sampuli. Kwa kutumia asilimia 14.6 na kosa la asilimia 5 kila upande, fomula ya kawaida inatoa watu 192. Lakini askari wa kituo kimoja hufanana, wana mkuu mmoja na shida moja, kwa hiyo lazima uongeze. Ukichukua askari 20 kwa kituo na kufanana kwa kiwango cha 0.03, kizidisho ni 1 + 19 × 0.03, sawa na 1.57, na sampuli inapanda hadi 302. Ongeza kwa ajili ya wasiopatikana asilimia 10, gawa kwa 0.9, unapata 336. Wengi husahau kizidisho, kisha mtathmini anairudisha kazi.

Lakini kosa kubwa la sampuli halimo kwenye fomula. Limo kwenye orodha. Ukihoji waliopo paredi, umewahoji wenye afya. Aliye kwenye likizo ya ugonjwa, aliyesimamishwa kazi, mtoro, aliyelazwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wote hawamo. Na hao ndio uliokuja kuwatafuta. Tumia orodha ya mishahara badala ya orodha ya paredi, na uripoti kila ambaye hakupatikana pamoja na sababu. Jedwali hilo la wasiopatikana mara nyingine lina habari kuliko sura nzima ya matokeo.

Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kwa raia ni zito. Kwa askari lina mambo mawili zaidi. La kwanza: kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kimekuwamo katika Sheria ya Makosa ya Jinai tangu enzi za ukoloni, na unayemuuliza analijua hilo, maana ni kazi yake kukamata. Kwa hiyo uliza mawazo kama dodoso linavyouliza, usiongeze swali la "umewahi kujaribu lini na wapi" kama hulihitaji. La pili: ana bunduki. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, timu iwe na karatasi moja ya maelekezo. Akijibu zaidi ya sifuri kwenye swali hilo, mhoji anasimamisha dodoso, anauliza kama ana mpango na kama silaha iko mikononi mwake sasa, anampigia tabibu aliyepangwa, na hamwachi peke yake mpaka tabibu afike au wafike kwake. Fomu ya ridhaa iwe imemwambia mapema kwamba usiri una mpaka huo mmoja. Ukimwambia baada ya kujibu, umemtega. Kisha tabibu, wala si mhoji, ndiye anayezungumza na uongozi kuhusu silaha, kwa maneno yale yale matatu ya cheti: anafaa au hafai, muda, masharti.

Ikiwa hakuna tabibu wa kupigiwa simu wilaya hiyo, utafiti hauanzi. Hili halina mjadala, hata kama fedha za mfadhili zinaisha Juni.

Sasa turudi kwenye kelele za Mei 2023: "Wapimeni wote!" Tuifanyie hesabu. Chukua askari 1,000, tuseme 100 kweli wana sonona. PHQ-9 kwenye mpaka wa 10 hukamata kama asilimia 88 ya wenye ugonjwa na huwaachia huru kama asilimia 85 ya wasio nao. Itawakamata 88 na kuwakosa 12. Kwa wale 900 wazima, itawanyooshea kidole 135. Jumla 223, na walio wagonjwa kweli hawafiki 4 kati ya 10. Tabibu mmoja akiwahoji watu 5 kwa siku atatumia siku 45 za kazi kuwamaliza, bila kumtibu hata mmoja. Ukiamua kuwanyang'anya silaha wote 223 wakati wakisubiri, umepunguza karibu robo ya nguvu ya kikosi, na kila mtu kambini anajua kwa nini. Mwaka wa pili watajibu sifuri wote. Hapo dodoso limekufa, na hao 88 wamejificha zaidi ya mwanzo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Septemba 2022 kuhusu afya ya akili kazini haukupendekeza upimaji wa wafanyakazi wote wala haukuupinga: faida yake dhidi ya madhara haijathibitika. Ulipendekeza mambo ya shirika kwanza, na mafunzo kwa wasimamizi.

Kamanda akikuuliza ufanye nini badala yake, uwe na majibu yenye fomu na mtu. Stoo ya silaha iwe na daftari lenye ukurasa wa vizuizi, lisainiwe kila makabidhiano ya zamu, na kizuizi kisafiri na faili la uhamisho kabla askari hajafika. Bunduki irudi stoo zamu ikiisha, isilale chumbani, hata cha askari mzima, maana mgonjwa huchukua ya mwenzake. Anayejitokeza mwenyewe kutafuta msaada awe na kipindi kilichotajwa kwa maandishi ambacho nafasi yake ya kozi na cheo haiguswi. Bila hilo la tatu, la kwanza litamfanya mtu afiche.

Baada ya tukio zito, kama mabomu ya Kampala ya 16 Novemba 2021 ambapo moja lililipuka karibu na kituo kikuu cha polisi, kuna desturi ya kuwakusanya wote na kuwalazimisha wasimulie walichoona. Iachwe. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema kikao cha namna hiyo kisitumiwe, maana hakizuii kiwewe na kinaweza kumwongezea mtu. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia inatosha: angalia nani anahitaji nini, sikiliza bila kumlazimisha aseme, muunganishe na msaada. Maji, chakula, simu ya kumpigia mkewe au mumewe, usingizi, na mtu wa kumrudia baada ya wiki nne kuona nani hajapona.

Kwa matibabu yenyewe Uganda haina haja ya kuazima kila kitu. Tiba ya mahusiano ya kikundi, yaani wenye sonona kukutana na kuzungumzia shida zao na watu wanaowazunguka, ilijaribiwa Masaka na Rakai kwenye vijiji 30, mikutano ya kila wiki kwa wiki 16, wakiendesha watu wasio madaktari waliofunzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003 yakionyesha sonona imepungua sana. Kuipeleka kwa polisi kunahitaji marekebisho mawili. Konstebo hatazungumza mbele ya inspekta, kwa hiyo vikundi viwe vya cheo kimoja. Na wiki 16 hazikai kwenye ratiba ya askari anayeweza kuitwa oparesheni usiku wa leo. Hapo pana swali zuri la tasnifu: kikundi kinastahimili kukosekana kwa watu wangapi kabla hakijavunjika, na mfululizo mfupi zaidi wa mikutano unaofaa una wiki ngapi? Afande anayepanga zamu awe mshiriki wa utafiti tangu mwanzo, la sivyo utabaki na viti.

Mwisho, fedha. Pangeni mapendekezo kwa ngazi ya anayeweza kuyaamua. Daftari la stoo na muundo wa cheti ni amri ya Inspekta Jenerali. Ulinzi wa cheo na uhamisho unagusa kanuni za utumishi. Nafasi mpya za matabibu wa akili zinagusa muundo wa ajira na bajeti. Kubadilisha sheria ni Bunge, na muswada huhitaji cheti cha athari za kifedha kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015. Mtafiti anayeweka vyote kwenye orodha moja humpa kila ofisa sababu ya kusema si kazi yangu.

Na kalenda haingoji mtu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Waraka wa mfumo wa bajeti hufika Bungeni kabla ya 31 Desemba, makadirio kabla ya 1 Aprili, na Bunge huidhinisha kabla ya 31 Mei. Ripoti yenye gharama ikifika wizarani Februari, imekosa treni ya mwaka mzima. Lengeni Septemba au Oktoba, kurasa mbili, gharama ya mwaka wa kwanza ikitenganishwa na ya kila mwaka: mshahara, chumba, dawa, usafiri wa rufaa hadi Butabika au hospitali ya rufaa ya mkoa. Usafiri husahauliwa kila mara, na bila gari askari wa Karamoja hafiki popote.

Nimemaliza. Maafande wenye zamu ya usiku waulize kwanza.